Mume wangu aliulizwa maswali 30 baada ya operesheni ya kansa, mimi sikuulizwa hata moja. Leo nayajibu hapa

cherehani ya mama

Wakuu habari zenu. Uzi utakuwa mrefu, mwenye haraka apite tu, mi leo natoa la moyoni maana nyumbani siwezi kulisema na kwa ndugu ndo kabisaaa.

Mume wangu ni fundi seremala, yuko Keko. Mwaka juzi alianza kutoa damu akienda haja kubwa, akakaa kimya, si unajua wanaume, mpaka nilipoiona mwenyewe kwenye boksa wakati nafua. Zahanati ya kwanza wakasema bawasiri, ya pili bawasiri, miezi minane tunapaka dawa za bawasiri. Kuja kumpata daktari mmoja kijana akavaa glovu akaingiza kidole, kidole tu jamani, dakika haikufika, akasema mama kuna uvimbe hapa. Kikafuata kipimo cha kamera, kinyama kikakatwa kikapelekwa maabara, jibu likarudi kansa ya mwisho wa utumbo, chini kabisa karibu na tundu. Akapigwa mionzi Ocean Road, hospitali ya kansa, wiki tano, Jumatatu mpaka Ijumaa, akapumzishwa, kisha akapasuliwa hospitali nyingine. Kwa vile uvimbe ulikuwa chini mno hawakuweza kuunganisha, wakatoa njia yote wakaziba huko nyuma, utumbo wakautoa mbele upande wa kushoto chini ya kitovu. Choo kinatokea hapo kwenye kitundu, kinaingia kwenye kifuko cha kubandika tumboni. Hicho ni cha maisha. Baadaye kemo.

Sasa maswali. Kliniki moja baada ya kemo kuisha akaja dada mpole na karatasi, anafanya utafiti wa hali ya maisha ya wagonjwa. Nimekuja kujua baadaye ni fomu inayotumika nchi nyingi, imetengenezwa Ulaya, inaitwa QLQ-C30. Mengi unachagua jibu moja kati ya manne, hapana kabisa, kidogo, kiasi, sana. Mawili ya mwisho, ya afya na maisha yako kwa jumla, unajipa maksi kuanzia 1, mbaya kabisa, mpaka 7, nzuri kabisa. Mume wangu anaulizwa, mimi nimekaa pembeni yake kwenye benchi na kapu la uji na mfuko wa vifuko vya akiba, najibu kimoyomoyo. Dada wa watu alipomaliza akashukuru, akaniangalia, akatabasamu, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Swali la kwanza, unapata shida kubeba mzigo mzito. Yeye kajibu sana, kweli, daktari kamkataza kunyanyua mbao asije akapata ngiri pembeni ya kile kitundu. Na mimi ndo nabeba sasa. Maji, gesi, gunia la mkaa, na yeye mwenyewe zile wiki za mwanzo alipokuwa hawezi kukaa kwa sababu ya mshono wa nyuma, nilikuwa namgeuza kama kabati. Mgongo wangu hauna fomu.

Swali la usingizi. Hapa nitakaa kidogo.

Wanaotumia vifuko wananielewa. Miezi miwili ya mwanzo nilikuwa nalala nusu, sikio moja liko kwenye tumbo la mwenzangu. Kinaweza kubanduka saa nane usiku, unaamka shuka lote limechafuka, yeye kageukia ukutani analia bila sauti. Sasa pale unafanyaje, unawasha taa au huwashi? Nilijifunza kutowasha. Nikawa naweka tochi ndogo chini ya kitanda, namulika ninapohitaji tu, nisimmulike usoni.

Kubadilisha kwenyewe mwanzo ilikuwa saa nzima. Nachemsha maji yapoe yawe vuguvugu, pamba situmii inaacha nyuzi, nachukua kipande cha fulana kuukuu. Nabandua kuanzia juu taratibu huku nimebonyeza ngozi kwa mkono mwingine. Kitundu chenyewe ni chekundu, kinang'aa, kibichi kama ndani ya shavu, ukikipangusa vibaya kinatoa damu kidogo ila yeye hasikii kitu, hakina mishipa ya maumivu. Halafu kinajikunja chenyewe kama kinapumua. Siku ya kwanza nilikimbilia nje nikatapika mtaroni, nikarudi nikamwambia maharage ya mchana yalichacha. Alijua. Akasema pole mke wangu, maharage gani tena na mchana tulikula samaki.

Kukata tundu la lile bamba la kubandikia kifuko kwenye ngozi ndo nilikuwa fundi kuliko hata manesi. Nilichora kwenye boksi la dawa nikatoa patani, kama ya kola.

Vifuko vikiisha ni balaa. Bei ya kimoja ni hela ya mboga ya siku mbili, na si kila duka la dawa wanavyo, unazunguka Kariakoo nzima. Mifuko ya rambo ilishapigwa marufuku tangu 2019 basi kuna wiki nilitumia vile vinailoni vya kufungia ubuyu, nimefunga na kipande cha khanga kuzunguka kiuno. Ngozi ikachubuka ikawa kama ameungua na pasi.

Kitundu tulikipa jina, tunakiita mpangaji. Kinaunguruma muda kinapotaka, hakiombi ruhusa, hakilipi kodi. Yeye ndo alianza, siku ambayo mpangaji alitoa sauti mbele ya balozi wa nyumba kumi nikajua leo nakufa kwa aibu, nikakohoa kwa nguvu kuifunika, balozi akanipa pole ya mafua. Usiku tulicheka mpaka mshono ukamuuma.

Ila kicheko kilikuwa cha siku hiyo tu. Msikitini aliacha kwenda. Anasema harufu (haina harufu kikiwa kimebandikwa vizuri, nanusa mimi kila siku, nitamdanganya kwa faida gani?) na udhu utakuwaje. Nilikwenda mwenyewe kumuuliza sheikh wa mtaa, akasema huyu ana udhuru, atawadhe wakati wa swala ukiingia aswali, hata kikitoka kitu katikati. Nikamletea jibu kama nimeleta barua ya kazi. Bado Ijumaa anaswalia ndani.

Kemo nayo, ile dripu ya oksaliplatini, ilimfanya aogope ubaridi. Dar es Salaam na joto hili mtu anavaa glovu kufungua friji, maji ya baridi akinywa anasema kama amemeza vijiti. Hiyo iliondoka, ganzi ya vidole ndo imebaki. Seremala anashika msumari hajui kama ameushika mpaka autazame. Kwenye fomu hilo la ganzi halikuulizwa kabisa.

Swali la hela sijibu, mnajua.

Halafu wakauliza ugonjwa umeingilia maisha yako ya familia? Akajibu kidogo. Nilitaka nimnyang'anye dada wa watu kalamu. Kidogo? Tangu apasuliwe hajanigusa. Swali la chumbani halikuwemo kabisa kwenye zile 30, nilisubiri mpaka mwisho. Mwanzo nilidhani ananionea kinyaa, mimi niliyeshika uchafu wake kwa mikono hii. Kumbe yeye anawaza mimi ndo namwonea kinyaa, tumelala mwaka mzima migongo imepeana kila mtu anamhurumia mwenzake. Nilimvizia daktari koridoni nikamuuliza, akasema mama mishipa ya huko inapita palepale walipopasua, na mionzi nayo inaigusa. Kwa nini hatukuambiwa kabla ya kupasuliwa? Akasema mngekataa operesheni. Tusingekataa. Tungejua tu.

Wifi zangu wanakuja na matunda, wanauliza mgonjwa anaendeleaje, wanakunywa chai, wanaondoka. Mama mkwe ananiambia vumilia mwanangu ndo ndoa. Navumilia mama. Nilichokuwa nataka ni mtu aniulize we umekula?

Basi nishamaliza. Kama kuna mwenzangu humu ajitokeze.

bint wa Tanga

Dada umekula?

cherehani ya mama

Umeniliza wewe. Nimekula, ugali na dagaa.

Dawa Asili Tiba

Pole sana. Kansa ya aina zote inapona kabisa bila kupasuliwa ndani ya siku 21, njoo inbox upate maelekezo.

bint wa Tanga

Siku 21 unatibu kansa au unaatamia mayai? Modi tunaomba umtoe huyu kuku humu.

baba wawili

Dada mimi ni mwenzako ila kwa upande wa pili, mke wangu ndo mgonjwa. Alitolewa titi la kulia pamoja na zile tezi za kwapani. Mambo uliyoandika nimeyasoma nikiwa kwenye daladala nimepitiliza kituo.

Kwetu taa ndo tatizo. Zamani alikuwa anabadilisha nguo naongea naye, sa hivi anaingia chooni na nguo zake zote anafunga komeo. Nilikosea mwanzo, nikawa najifanya hamna kilichotokea, sikiangalii kifua wala sikitaji, nikidhani namsitiri. Siku moja akaniambia unaniruka kama dimbwi. Hilo neno sijalisahau.

Mkono nao ulivimba. Nesi alimwambia asibebe ndoo upande ule, asipimwe presha wala kuchomwa sindano upande ule, ajikinge na mikwaruzo. Sasa mwanamke wa uswahilini asiyebeba ndoo majirani wanamuonaje? Nikaanza kuchota maji mimi. Nimeitwa majina yote mtaani, bwege, kalishwa limbwata, nimezoea. Ndugu zangu walikuja na kikao kabisa, wakasema wewe bado kijana, mila inaruhusu, ongeza. Walisema hayo yeye yuko jikoni anawapikia, na nyumba yetu haina dari.

Pesa ya lile titi la bandia la dukani sina. Anaweka kitambaa, ni chepesi, akiinua mkono kinapanda mpaka shingoni, kanisani anaimba kwaya mkono mmoja kashikilia kifua.

cherehani ya mama

Kaka yangu mke wako nitamshonea bure. Uzito ndo siri, kitambaa kitupu lazima kipande. Nilishamshonea mama mmoja hapa jirani, nikajaribu mchele ukalowa jasho ukaota ukungu, nikatoa. Ulezi uliokauka umekaa vizuri, ila mfuko wa ndani uwe wa kutoa ili ule wa nje ufuliwe. Na sidiria nampachika mfuko kwa ndani ndo usihame. Unipe kipimo cha upande uliobaki, aje mwenyewe kama anaweza tuongee wanawake.

mzee wa kausha

Mi nashangaa mwanamke mzima unaanika siri za chumbani za mumeo mtandaoni, angekuwa mzima ungeandika haya? Ndo maana wanaume tunakufa na magonjwa yetu.

cherehani ya mama

Kaka, mafundi wa Keko wako wangapi? Ukimjua ni yupi nitajie jina. Na hilo la kufa na magonjwa yenu umelisema vizuri, huyu wangu angekufa nalo kweli kama nisingefua ile boksa.

nesi wa zamu ya usiku

Nimesoma yote, nachangia mambo machache maana nahudumia wagonjwa hawa.

Tundu la bamba liwe kubwa kuliko stoma, yaani hicho kitundu chenu, kwa milimita 2 au 3 tu, likizidi hapo choo kinagusa ngozi na hiyo ndo michubuko. Stoma husinyaa wiki 6 mpaka 8 za mwanzo kwa hiyo ile patani ya zamani pima upya, wengi wanaendelea kukata saizi ya siku ya kutoka wodini. Ngozi iwe kavu kabisa, msipake vaselini wala mafuta ya nazi, halishiki. Kifuko kikifika theluthi kimwagwe, msingoje kijae, uzito ndo unabandua usiku. Rangi ikigeuka zambarau au nyeusi, au kisipotoa choo wala hewa huku tumbo limejaa na anatapika, msingoje asubuhi.

Kuhusu chumbani, swali lako lipo dada. Kuna karatasi ya nyongeza kwa kansa hii ya utumbo, inaitwa CR29, humo wanauliza mpaka hayo ya ndoa na aibu ya kifuko. Inaonekana huyo mtafiti alibeba ile ya kwanza tu. Mishipa ikiwa imesumbuliwa lakini haijakatwa huwa inarudi taratibu, inaweza kuchukua mwaka mpaka miwili, na kuna dawa na vifaa vya kusaidia. Mwambie kliniki wamwandikie aonane na daktari wa mfumo wa mkojo. Asinunue vidonge kienyeji dukani hasa kama anatumia dawa za moyo. Na jamani kugusana hakuanzii huko, mshikane hata mikono.

Lingine hili nalisema kwa wanandoa wote. Kuna kazi ilitoka 2008 iliyokusanya tafiti nyingi za wanandoa wenye kansa ndani ya nyumba, wakaona mwanamke ndo anaonekana na msongo zaidi, awe yeye mgonjwa au awe mke wa mgonjwa. Wodini tunakuona umebeba kapu tunajua huyu yuko imara. Mimi binafsi nimewahi kumpa mke wa mgonjwa kiti akakaa akalala palepale, nikaogopa nikampima presha, ilikuwa juu kuliko ya mumewe. Ukienda kliniki ijayo omba upimwe na wewe.

baba wawili

Nesi na sisi waume je? Mi nalia bafuni nimefungulia maji.

nesi wa zamu ya usiku

Ndo maana nikasema anaonekana. Anayelia bafuni na maji yamefunguliwa nani atamhesabu?

mama la mama

Mimi naandika toka Muscat. Dada yangu alifanyiwa kama mumeo, kila nikija likizo nambebea vifuko. Amefariki mwezi wa tatu kwa presha, si kansa. Nina boksi mbili hazijafunguliwa na mkanda wake. Sina wa kumpa na kuzitupa siwezi. Mwezi wa nane nakuja, nikuletee?

cherehani ya mama

Mama yangu pole sana, Mungu ampe pumziko jema. Nizipokee tu, na mkanda nitaushona upya umkae. Nimekutumia ujumbe.

mzee wa kausha

Samahani kwa nilichoandika juu. Hiyo damu, ikitoka kidogo tu na haina maumivu nayo inahesabika?

nesi wa zamu ya usiku

Inahesabika kaka. Mara nyingi haiumi ndo maana watu wanachelewa. Nenda kesho, na usikubali kuandikiwa dawa ya bawasiri kabla mtu hajavaa glovu.

cherehani ya mama

Marejesho wakuu, siku nne sijaingia.

Nilimsomea uzi wote. Nilimsubiri ale kwanza. Nilipofika pale pa maharage yaliyochacha akacheka, nilipofika pale pa chumbani akazima redio. Nikasoma tu, sauti inatetemeka, nikasoma na majibu ya nesi, na ya yule kaka wa titi. Nilipomaliza akauliza, zile mbili za mwisho za maksi ungejaza ngapi? Nikasema tatu. Yeye alijaza sita, nilimwona kwa macho yangu siku ile kliniki na nilikasirika njia nzima ya kurudi. Nikamuuliza sita ya nini wewe, unalala vibaya, kazi huna, msikitini huendi. Akasema yule dada alikuwa anaandika na wewe ulikuwa umekaa pale unasikiliza, ulitaka niseme mbili mbele yako na kapu lako la uji?

Tukagombana kidogo hapo, nikamwambia huo ndo ujinga uliotufikisha hapa. Akaniambia basi na yeye nimwandikie nne. Nesi, kuhusu kushikana mikono nitasema tumejaribu, basi, msiniulize zaidi.

Leo asubuhi nimeamka saa moja kasoro, saa ambayo sijawahi kuamka tangu apasuliwe, jua liko dirishani. Nimestuka nimedhani amekufa. Kumbe kaondoka na gari la saa kumi na mbili kwenda Keko, si kubeba, kusimamia tu vijana wake. Kaacha beseni limeoshwa, mkasi umefutwa. Kabadilisha mpangaji mwenyewe. Nimeangalia kile kiduara alichokikata kwenye takataka, kimezidi patani yangu karibu nusu kidole, jioni ngozi itakuwa imewaka, na akirudi sitasema kitu.